Siku Baba Mkubwa Alipokwenda Kujibatiza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo moyo unanienda mbio kama wa mtu aliyepanda kilima. Ilikuwa masika. Mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini na mmoja, nimebatizwa kwa kuzamishwa mwaka uliotangulia, na nilikuwa nawaka. Nilikuwa nashona nguo kwenye baraza la duka moja hapa mjini Babati, na mteja akija kupimwa, kabla tepu haijamzunguka kiuno nilikuwa nimeshamuuliza kama ameokoka. Akisema ndiyo, namuuliza alibatizwa kwa maji mengi au machache. Akisema machache, nguo yake nilimshonea, lakini mahubiri yalikuwa ni ya bure juu yake.

Usinicheke. Au nicheke tu, nimestahili.

Nakuandikia haya kwa sababu juzi, hapa Maisaka ninapoishi sasa na mahindi yangu na alizeti, nilimsikia kijana akiapa kwenye simu kwamba hatakanyaga kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake, eti kanisa la dada linanyunyiza tu. Alikuwa anaongea kwa furaha, kama mtu aliyeshinda kesi. Nikajiona mimi mwenyewe pale, mzima mzima, na sketi yangu ndefu ya miaka ile.

Mimi ninaye kaka anaitwa Petro. Alinitangulia kwa miaka sita, na baba yetu alipofariki yeye ndiye aliyenilipia ufundi wa cherehani. Petro alibaki kwenye kanisa tulilolelewa, wanakobatiza watoto wachanga kwa maji ya kiganja. Alipopata mtoto wake wa kwanza, Tumaini, alimpeleka madhabahuni akiwa na miezi minne. Baada ya ibada tukakusanyika kwake, watu wanakula pilau, wazee wanapongezana. Nami nikasimama katikati ya ua, chupa ya soda mkononi, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mtoto huyu hamjambatiza. Mmemnawisha uso tu."

Mke wa Petro, Mama Tumaini, alimfunika mtoto kwa kanga akaingia naye ndani. Petro hakunifokea. Aliniambia tu, "Nenda nyumbani, Marta."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, kisha nikaondoka nimeinua kichwa. Njia nzima niliimba. Tangu siku ile mimi na Petro hatukusalimiana karibu mwaka mzima.

Sasa tulikuwa na baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yetu, aliyeitwa Baha. Aliishi Mutuka na ng'ombe wake. Baba mkubwa Baha alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye utani, na hakuna mhubiri aliyewahi kumpata. Wakimwalika kanisani aliwajibu, "Mlango wenu mwembamba, ng'ombe wangu hawapiti." Lakini masika ile kichomi kilimlaza. Petro akawa anakwenda jioni kumsomea Maandiko. Mimi nilikwenda Ijumaa kumwimbia, na nilichagua saa ambayo Petro hayupo.

Ijumaa moja mvua iliharibu hesabu zetu. Nilifika nimelowa, nikamkuta Petro bado yupo, mvua imemzuia. Hatukuangaliana. Baba mkubwa alikuwa ameegemea ukuta, shuka mpaka kidevuni, anamwambia Petro, "Hebu rudia ile ya mchungaji." Petro akarudia habari za yule mwenye kondoo mia, aliyewaacha tisini na tisa akamtafuta mmoja aliyepotea mpaka akampata, akambeba mabegani.

Baba mkubwa aliteremsha shuka kutoka kidevuni. Kisha akasema, "Huyo anajua mifugo. Mtu asiye na mifugo hawezi kutunga habari hiyo. Kama Yesu wenu ndiye huyo, basi mimi nimemkubali. Mwambieni kwamba Baha naye anakuja."

Mwanangu, sijui nikueleze vipi. Miaka yote ile, watu wote wale waliojaribu, na mzee anasema maneno hayo kwa sauti ya kawaida kama anayeomba uji. Mama mkubwa, mkewe, alipiga kigelegele ambacho majirani walikisikia juu ya mvua. Mimi nililia, Petro alilia, na baba mkubwa mwenyewe alikuwa anatabasamu mpaka pengo la mbele likaonekana. Kama tungeishia hapo, nisingekuwa na kisa cha kukusimulia.

Petro akafuta macho akasema, "Umeamini, baba, umeokoka. Kesho kutwa nitamleta mwinjilisti na bakuli la maji, akubatize hapo hapo kitandani."

Nami nikadakia, "Bakuli la nini? Apikiwe mboga?"

Moto ukaanza. Nilitaja aya, Petro akataja aya. Nilimwambia hakuna wokovu pasipo maji ya kuzama. Akaniuliza yule mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Bwana alizamishwa wapi. Nikamwambia yule alikuwa na udhuru. Akaniuliza nani kanipa kazi ya kugawa udhuru. Fahali wawili wakipigana nyasi ndizo huumia, na nyasi zetu zilikuwa zimelala pale katikati, zinamtazama huyu, zinamtazama yule. Lile tabasamu lilikuwa limekwisha ondoka. Hakuna kati yetu aliyeliona likiondoka.

Baba mkubwa akaniita polepole. "Marta. Nikifa kabla ya hayo maji, nakwenda wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kumwambia alale, kesho tutaongea. Lakini nilikuwa na Petro wa kushinda. Nikasema, "Utakuwa umepotea, baba mkubwa."

Petro alisimama, akachukua koti lake, akatoka kwenye mvua bila kuaga. Mimi nilibaki. Nililala kwa mama mkubwa, na nilikuwa na raha moyoni, nikijua nimesema kweli bila kuogopa mtu.

Alfajiri ilipopambazuka mama mkubwa akanitikisa. "Mzee hayupo kitandani. Fimbo haipo. Viatu vipo."

Tulitafuta zizini, tukatafuta nyuma ya nyumba, tukaita. Hapakuwa na mtu. Mara akapita muuza maziwa na baiskeli yake, madumu yamening'inia. Nikamuuliza kama amemwona mzee Baha. Akasema, "Nimemkuta njiani, lori la mchanga likampa lifti. Nilimuuliza anakwenda wapi na homa yake. Akasema anakwenda ziwani kuokoka."

Ziwa Babati unalijua, mwanangu. Kando yake kuna matete marefu kuliko mtu, na ndani yake kuna viboko, na wakati wa asubuhi ndio wanarudi majini kutoka malishoni, hawataki kumkuta mtu njiani. Na yule mzee kifua chake hakikuweza hata upepo wa dirishani.

Nilimwomba muuza maziwa baiskeli. Hakuwa na nafasi ya kukataa. Madumu niliyafungua mwenyewe nikayaweka chini. Nikapiga pedali. Barabara ilikuwa tope jekundu, gurudumu linateleza kama sabuni, nikaanguka, nikainuka, mnyororo ukatoka, nikaurudisha kwa vidole nikiwa nalia. Njia nzima nilikuwa naomba, na ombi langu lilikuwa moja tu: "Bwana, asife. Asife leo." Halafu nikasikia ninachokiomba. Nilikuwa namwomba Mungu kana kwamba ni mtu mkali aliyesimama mlangoni na saa mkononi. Huyo ndiye niliyempelekea baba mkubwa. Petro alimpelekea mwenye kondoo.

Nilipofika ufukweni wavuvi walikuwa wanavuta mitumbwi nje. Watu wamekusanyika mahali pamoja. Nikaitupa baiskeli, nikapenya.

Baba mkubwa Baha alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, amelowa maji kuanzia kichwani, meno yanagongana. Amefunikwa koti zito lisilo lake. Pembeni yake alisimama mwenye koti, Mzee Salum, mfanyabiashara wa samaki aliyejulikana mji mzima, Mwislamu mwenye ndevu nyeupe, nguo zake zinatiririka maji kuanzia kifuani. Wavuvi walinisimulia. Mzee alikuwa ameingia mpaka shingoni, anazama, anaibuka, anazama tena, na kiboko mmoja amekwisha toa kichwa si mbali naye. Mzee Salum aliyekuja tu kununua samaki aliingia na nguo zake akamvuta.

Nilipiga magoti kwenye tope. Baba mkubwa aliniona akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto na wa baridi kwa pamoja. Akasema, "Marta, nimeingia mara tatu. Lakini sikujua maneno yanayosemwa. Itahesabika?"

Mimi, mwanangu, niliyekuwa na jibu kwa kila mteja wa suruali, nilimfunga tu vifungo vya lile koti.

Mzee Salum akaniuliza, "Wewe ni binti yake?"

"Ni baba yangu mkubwa. Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alikuwa anakamua mkono wa shati, hakunitazama usoni. "Binti yangu, dini yenu si dini yangu, na sitaki kuingilia nisichokijua. Ila huyu mzee nimemkumbatia kwenye maji, nimemsikia moyo. Alikuwa anatetemeka kabla baridi haijamwingia. Ananiambia jana mlimletea habari njema. Nauliza tu: ilikuwa habari njema ya namna gani, mpaka mgonjwa akimbie kitanda chake?"

Alituitia gari lake la samaki, akampandisha baba mkubwa mbele karibu na dereva penye joto, mimi nikapanda nyuma na matenga. Nilinuka perege siku tatu, na nilifurahi kunuka.

Hospitali walimlaza. Sindano asubuhi, sindano jioni. Siku ya pili hali ilikuwa mbaya hata muuguzi akaniambia niwaite ndugu. Mchungaji wangu, Yoeli, alikuja mbio, tayari kwa lolote. Mwinjilisti wa kina Petro naye alikuja na bakuli lake kwenye mfuko. Wakasimama kila mmoja upande wake wa kitanda. Baba mkubwa akafungua macho, akawatazama, akacheka mpaka akakohoa.

"Nitabatizwa," akasema. "Lakini si na watu wasiosalimiana. Petro na Marta wale sahani moja mbele yangu. Siku nitakapowaona wanakula, nitieni maji popote mnapotaka."

Hebu fikiri, mwanangu. Kwa mafundisho yangu mwenyewe, mzee yule alikuwa ukingoni mwa kupotea milele. Maji yalikuwepo, tena ya aina zote mbili. Wahudumu walikuwepo. Kilichokuwa kimebaki kati yake na maji kilikuwa ni shingo yangu tu, shingo ngumu ya Marta. Niliona aibu ikinipanda kutoka miguuni.

Nilitoka pale nikakimbia. Sikutembea, nilikimbia, mtu mzima na sketi yake, mpaka Maisaka kwa Petro.

Mama Tumaini alikuwa anafua. Mtoto alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa beseni; amekwisha jifunza kusimama na mimi shangazi yake sikujua. Nikasema, "Hodi, wifi." Akasema karibu, bila kuinua macho. Nikapiga magoti kwenye maji ya sabuni, nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa neno nililolisema siku ya ubatizo.

Aliendelea kufikicha nguo. Kisha akasema, "Mtoto huyu nilimwomba kwa Mungu miaka minne, Marta. Wewe unafikiri ulikuwa unabishana habari za maji. Mimi nilichokisikia ni kwamba nimemleta mwanangu kwa Mungu, na Mungu hakumtaka."

Nililia kilio ambacho sijakilia hata msibani. Sikujitetea. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini unaweza kuinama ukapangusa sakafu. Mwishowe alijifuta mikono, akamnyanyua Tumaini, akanipa nimpakate. Yule mtoto alinishika pua.

Petro aliporudi alitukuta hivyo. Nikasimama. "Shikamoo, kaka."

Aliangalia sketi yangu iliyolowa maji ya sabuni. "Marahaba. Umekuja kunizamisha?"

Tukacheka, mwanangu, tukacheka mpaka Mama Tumaini akatuambia tutamwamsha mtoto wa jirani. Palepale akasonga ugali, akatuwekea na samaki, tukaondoka na sahani imefunikwa kwa kitambaa, nusu tunatembea nusu tunakimbia, tukiogopa ugali utapoa na tukiogopa zaidi kwamba tutamkuta mzee amekwenda.

Hakuwa amekwenda. Tulikula mbele yake, tonge kwa tonge, naye anatukagua kama anavyokagua mbuzi mnadani. Tulipomaliza nikamsogelea nikamnong'oneza swali lililokuwa linaniunguza. "Baba mkubwa, tumekula. Lakini daktari hataki uguse maji baridi. Na ukifa kabla?"

Akasema, "Marta, mimi ng'ombe wangu nawapeleka josho kuwaogesha. Hawi wangu kwa sababu nimemwogesha. Namwogesha kwa sababu ni wangu. Na ndama akiwa mgonjwa, hawezi kutumbukia, simtupi. Nampaka dawa kwa mkono wangu, na kwenye hesabu yupo. Nimelala hapa nimewaza siku mbili. Mungu atakuwa na akili ndogo kuliko Baha?"

Mchungaji Yoeli na yule mwinjilisti walitazamana.

"Lakini josho nitakwenda," akaongeza. "Nikipona, nitakwenda ziwani na wote mtakuja. Safari hii mtu anayejua maneno ayaseme."

Akapona. Kichomi kilimwachia taratibu, na mvua zilipokwisha, Jumapili moja ya jua zuri, nusu ya mji ilikuwa ufukweni. Watu wa Mutuka walikuwepo na mashuka yao, kwaya mbili zilikuwepo, na kwa mara ya kwanza ziliimba wimbo mmoja, ingawa kila moja kwa mwendo wake. Mzee Salum alikuja na wavuvi wake. Mitumbwi minne ikajipanga nusu duara, wakapiga maji kwa makasia kuwafukuza viboko. Hata hivyo kiboko mmoja aliibuka mbali kule na kupiga mkoromo, na waumini wote, wa kuzama na wa kunyunyiza, tukakimbia pamoja kupanda juu. Waliobaki majini bila kusogea ni baba mkubwa, Mchungaji Yoeli aliyekuwa amemshika mkono wa kulia, na kaka yangu Petro aliyemshika wa kushoto. Baba mkubwa akapaza sauti, "Rudini, huyo naye amekuja kushuhudia."

Akazamishwa. Alipoibuka alikuwa na lile tabasamu la Ijumaa ya mvua, na pengo lake, na maji yanamng'aa kwenye nywele nyeupe. Mama mkubwa aliachia kigelegele, wanawake wakakipokea, wavuvi wakapiga makasia kwenye mbavu za mitumbwi. Mwinjilisti wa kina Petro alisoma sala ufukweni na sauti ikamkatika. Nilimbeba Tumaini begani, naruka naye. Sijawahi kufurahi namna ile, mwanangu, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo.

Baba mkubwa aliishi miaka mingine mingi na aliwasumbua wahubiri mpaka mwisho, ila sasa akiwa kiti cha mbele.

Usidhani mimi na Petro tulikubaliana. Mpaka leo hatujakubaliana. Yeye ni mzee wa kanisa lake, mimi ni mama wa kanisa langu. Krismasi iliyopita tulibishana tangu chai mpaka chakula cha mchana, Tumaini, ambaye sasa ana watoto wake, akatuletea wali akatuambia tunyamaze tule. Bado naamini ubatizo ni wa maji mengi. Ukiniuliza nitakuonyesha aya zangu, na nitazisoma kwa nguvu.

Basi nisikilize, mwanangu. Sikukatazi kuwa na msimamo. Mtu asiye na msimamo ni kama mbegu iliyobebwa na maji ya mvua, huota popote. Jua unachokiamini, soma, uliza, batizwa kwa jinsi dhamiri yako inavyokuelekeza mbele za Mungu, wala usiyadharau maji, maana si mchezo. Lakini mtu anapomjia Mungu, hata kwa hatua ya kitoto, usisimame mlangoni ukamtisha kwa hukumu ambayo hukupewa wewe. Habari njema ikimfanya msikiaji akose usingizi kwa hofu, rudi uangalie wewe mbebaji umeimwagia nini njiani. Usishinde hoja ukampoteza ndugu. Usimtumie mgonjwa kama fimbo ya kumpigia kaka yako. Na ukialikwa kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yako, nenda. Vaa vizuri, kaa mbele, mbebe mtoto, sema amina. Kama una neno la mafundisho, lipo, halitaoza. Litunze, ulilete siku nyingine kwa sauti ya mtu anayependa. Na kama umeshalisema kwa sauti nyingine, inuka leo, usingoje mtu alazwe. Kimbia kama nilivyokimbia mimi.

Mungu aliyekujua kabla maji hayajakugusa akushike mkono unapoingia na unapotoka. Ulimi wako aupe utamu, magoti yako ayape wepesi wa kupiga chini. Nyumba yako isikose wa kubishana naye, wala sahani ya kula pamoja naye. Na siku utakapovuka ng'ambo ile, ukute yule mwenye kondoo mia amesimama anakungoja, anakuita kwa jina. Amina, mwanangu.